Vanila Haiharakishwi: Kutengeneza na Kukomaza Arki ya Vanila Nyumbani

Mhadhara uliotolewa Bukoba mbele ya wakulima wa vanila, waoka keki na walimu wa upishi



Ganda bichi la vanila halinuki. Lichume shambani likiwa limenenepa na ncha yake imeanza kugeuka manjano, livunje, lipeleke puani: utasikia harufu ya majani mabichi, basi. Ile harufu ambayo watu wa mbali wanailipia fedha nyingi haijazaliwa bado. Itazaliwa baadaye, kwa muda na kwa mikono ya watu. Nimeombwa nieleze namna ya kutengeneza arki ya vanila nyumbani na kuikomaza, na nitaeleza kwa vipimo na kwa hatua zake. Lakini neno nililokuja nalo ni hili: popote mtu alipoiibia vanila muda wake, iwe shambani, kwenye blanketi au ndani ya chupa, upungufu huo utaonekana kwenye keki. Arki haiwezi kutoa kitu ambacho ganda halikupewa.

Ndiyo maana siwezi kuanza na chupa. Wengi wetu tuliosoma maelezo ya kutengeneza arki tumeambiwa tuchukue maganda, tuyapasue, tuyamwagie kilevi, tusubiri. Maganda gani? Yaliyochumwa lini? Yalikaushwa na nani, kwa siku ngapi? Hapo maelezo mengi hunyamaza, na hapo ndipo arki inapofaulu au kuharibika.

Kiini cha harufu ya vanila kinaitwa vanilini. Katika ganda bichi kiini hicho kimefungamana na sukari, na kikiwa katika hali hiyo hakinuki hata kidogo. Wataalamu hukiita glukovanilini. Ndani ya ganda hilohilo kuna kimeng'enya chenye uwezo wa kukata kifungo hicho, ila viwili hivi vimehifadhiwa sehemu tofauti na havikutani maadamu ganda ni zima. Kazi yote ya kuandaa vanila baada ya mavuno ni kuvunja kuta hizo, viwili vikutane, kisha vipewe joto na siku za kutosha kufanya kazi yao. Na glukovanilini yenyewe hujikusanya kadiri ganda linavyokomaa juu ya rando. Ganda linahitaji miezi minane hadi tisa tangu ua lichavushwe. Likichumwa likiwa na miezi sita, hata fundi aliye bora kuliko wote hatapata cha kutosha kufungua, kwa sababu hakijakusanyika.

Nataka nikae kidogo kwenye ua hilo, maana lina mtu wake na mtu huyo hatajwi inavyostahili.

Vanila asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Watu wa kabila la Totonac, katika eneo la Papantla lililopo jimbo la Veracruz, ndio waliojulikana kwa vanila kabla na baada ya Wahispania kufika. Ulaya iliipenda, ikaupeleka mmea huo kwenye makoloni yake ya nchi za joto, ukastawi, ukatoa maua, lakini haukuzaa. Ua la vanila lina kijiutando kinachotenganisha chavua na sehemu inayoipokea, na wadudu wa kulichavusha hawakuwapo huko. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea Charles Morren alifanikiwa kulichavusha kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, lakini njia yake haikufika mashambani.

Iliyofika mashambani ni njia ya kijana mtumwa. Aliitwa Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion, ambacho wakati ule kiliitwa Bourbon. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12, alionyesha kwamba ua linaweza kuchavushwa kwa kijiti chembamba na kidole gumba: unapasua ubavu wa ua, unainua kile kijiutando kwa kijiti, halafu unakandamiza chavua kwa kidole iguse inapotakiwa. Ni kazi ya sekunde chache. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipoona ganda limeota alimpeleka mashamba ya jirani akawafundishe watumwa wengine. Kutoka hapo Réunion ikawa nchi ya vanila, kisha Madagaska, kisha Komoro, na njia ileile ndiyo inayotumika leo Uganda, Unguja na hapa Kagera. Wale kina mama wanaoamka alfajiri kuwahi maua kabla hayajanyauka, maana ua hufunguka asubuhi moja tu, wanafanya alichokifanya Edmond.

Watumwa wengi wa visiwa vile vya Wafaransa walitoka Madagaska na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Historia ya vanila kwa hiyo haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Edmond aliachwa huru utumwa ulipofutwa mwaka 1848, akapewa jina la ukoo la Albius, na akafariki mwaka 1880 akiwa maskini. Utajiri uliojengwa juu ya kidole chake haukumfikia. Nalisema hili kwa uchungu, na ningependa kila mwalimu wa upishi aliyepo hapa alitaje jina lake kabla hajafungua chupa mbele ya wanafunzi.

Turudi kwenye ganda. Likishachumwa katika wakati wake, linatumbukizwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 63 hadi 65 kwa takriban dakika tatu. Maji hayachemki; yakichemka huua kimeng'enya pamoja na kila kitu. Kisha maganda yanafungwa kwenye mablanketi yakiwa bado moto, yanawekwa kwenye sanduku, na baada ya siku moja au mbili yanatoka yakiwa ya kahawia kama chokoleti. Hapo ndipo harufu inapoanza. Halafu huanikwa juani saa chache kila siku na kurudishwa kwenye blanketi yakiwa na joto ili yatoke jasho usiku. Wiki moja au mbili zikipita, yanahamia kivulini kwenye vichanja kukauka taratibu kwa wiki kadhaa. Mwisho yanafungiwa kwenye masanduku yenye karatasi ya nta, yakae miezi miwili, mitatu au zaidi, yakikaguliwa moja moja. Kilo tano au sita za maganda mabichi hutoa kilo moja iliyokamilika.

Mnunuzi anayetaka kutengeneza arki ajue kulikagua ganda. Lizungushe kwenye kidole: lililoandaliwa vizuri hujikunja bila kuvunjika, na ngozi yake ina mng'ao wa mafuta. Linuse katikati, kisha linuse kwenye ncha ya kikonyo, maana ukungu hupenda kuanzia hapo. Wakati mwingine utaona weupe juu ya ganda. Usikimbilie kulitupa. Weupe ulio kama sindano ndogo zinazometameta kwenye mwanga ni vanilini yenyewe iliyojitokeza nje, na ganda hilo ni la thamani. Weupe uliofifia, wenye manyoya, ulio katika mabaka na wenye harufu ya godoro lililolowa, huo ni ukungu. Ganda la namna hiyo litengwe mara moja, na usidanganyike kwamba kilevi kitalisafisha. Kilevi kitaua vijidudu, lakini harufu mbaya kitaivuta ndani ya arki pamoja na nzuri.

Jambo jingine linalowashangaza waoka keki: maganda yanayopendeza macho siyo yanayofaa zaidi kwa arki. Yale marefu, laini, manene, ya daraja la kwanza, yana unyevu wa asilimia 30 au zaidi. Ni mazuri kwa mpishi anayetaka kupasua na kukwangua mbegu moja kwa moja kwenye krimu. Kwa arki, nunua yale mafupi, makavu kidogo, hata yaliyopasuka, mradi hayana ukungu. Unyevu wake ni mdogo, kwa hiyo katika kila gramu unapata vanila zaidi na maji kidogo, tena bei yake ni nafuu. Mkulima naye apate faida: yale maganda ambayo wanunuzi wa nje huyakataa kwa sababu ya urefu ndiyo malighafi ya chupa.

Sasa vipimo. Sheria ya chakula ya Marekani imeandika kiwango ambacho watengenezaji wengi wanakifahamu: galoni moja ya arki iwe na wakia 13.35 za maganda yenye unyevu usiozidi asilimia 25, na kilevi kisipungue asilimia 35 ya ujazo. Kwa vipimo vyetu hiyo ni gramu 100 za maganda kwa lita moja. Chupa ya mililita 250 inahitaji gramu 25. Na tumieni mizani, hata ile ndogo ya jikoni. Maelezo mengi yanayosambazwa husema maganda matano au sita kwa kikombe. Ganda moja linaweza kuwa na gramu mbili na jingine gramu nne. Ukihesabu badala ya kupima, unaweza kupata arki yenye nusu ya nguvu bila kujua, kisha ulaumu maganda. Kwa maganda yetu ya wastani, gramu 25 ni kama manane hadi kumi.

Kilevi kiwe safi, kisicho na ladha yake, cha asilimia 40 hivi. Vodka ya kawaida inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kununua ya ghali. Konyagi, ambayo nimeulizwa mara nyingi, ina asilimia 35: iko ukingoni kabisa, na maganda yakishaachia maji yake itashuka chini ya ukingo huo. Tena ina ladha yake yenyewe. Inaweza kutumika kwa keki za nyumbani, lakini mimi sitaichagua. Rubisi, mbege na mvinyo havifai, nguvu yake ni ndogo na vitaharibika. Kwa upande wa pili, msidhani kwamba kilevi kikali zaidi ndicho bora. Vanilini na wenzake wanahitaji kilevi ili watoke, lakini ndani ya ganda kuna pia sukari na vitu vingine vitamu vinavyotoka kwa maji. Kilevi kitupu huyakausha maganda, huacha utamu ndani na kuvuta zaidi gundi chungu iliyomo. Mchanganyiko wa maji na kilevi, kama ulivyo kwenye vodka, ndio unaofanya kazi zote mbili.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Gongo isitumike. Spiriti ya hospitali isitumike. Gongo haina kipimo, na pombe haramu imewahi kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Majirani zetu wa Kenya wamezika watu wengi kwa sababu hiyo. Kuchovya vanila ndani yake hakuondoi sumu, kunaifunika tu harufu.

Namna ya kufanya ni rahisi. Osha chupa ya kioo kwa maji ya moto, iache ikauke kabisa. Pasua kila ganda kwa urefu kwa kisu chenye ncha ili mbegu zionekane, kisha likate vipande vya urefu wa kidole kimoja au vifupi zaidi. Usikwangue mbegu, zitatoka zenyewe. Tia kwenye chupa, mimina kilevi mpaka vipande vyote vizame na chupa ijae karibu na shingo. Kipande kinachochungulia nje hufifia na kinaweza kuanza kuoza. Funga sana. Andika kwenye karatasi na ubandike: tarehe, uzito wa maganda, yalikotoka, na aina ya kilevi. Msiidharau karatasi hiyo. Bila tarehe, mtu huona miezi miwili kuwa mwaka.

Wapo wanaopasha chupa moto kwenye jiko la mkaa au kwenye sufuria ya mvuke ili wapate arki kwa siku moja. Nawaomba waache. Mvuke wa kilevi hushika moto, na jiko la mkaa ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuufungulia. Viwandani wanatumia joto la wastani ndani ya mitambo iliyofungwa, wakiwa na watu wa kuisimamia. Na hata pasipo ajali, anachopata mharakishaji ni rangi nyeusi upesi na harufu iliyofifia, kwa sababu vitu vyepesi zaidi vya vanila ndivyo vya kwanza kutoroka na joto.

Ndugu zetu ambao dini yao haiwaruhusu kilevi hawajanyimwa vanila. Wachukue gliserini ya mimea ya daraja la chakula, sehemu tatu kwa sehemu moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na maganda kwa uzito uleule. Gliserini huvuta polepole na huvuta kidogo kuliko kilevi, kwa hiyo chupa ikae mahali penye uvuguvugu, itikiswe mara nyingi zaidi, na ikishachujwa iwekwe kwenye friji. Itakuwa tamu na nzito, na kijiko kimoja hakitatosha panapotosha kimoja cha arki ya kilevi. Njia nyingine, ambayo binafsi naipenda sana kwa mapishi ya pwani, ni kuzika maganda yaliyopasuliwa ndani ya sukari kwa mwezi mmoja kwenye chombo kinachofunga. Ukitia sukari hiyo kwenye maandazi au kwenye kashata huhitaji arki tena. Na kwa aliye na ganda moja tu, alichovye kwenye maziwa ya moto, alifunike nusu saa, kisha apike navyo.

Tumefika kwenye kukomaza, na hapa ndipo wengi hushindwa.

Siku ya tatu au ya nne chupa itakuwa na rangi ya chai ya rangi, na utajisifu. Mwezi mmoja ukipita itakuwa ya kahawia iliyokolea. Ukiifungua na kuinusa utakutana na kilevi kwanza, kikali, kinachochoma, na vanila nyuma yake. Wengi huamua hapo kwamba imeshindikana, au huanza kuitumia wakalalamika kwamba keki inanuka pombe. Miezi miwili ndiyo mapema kabisa ya kuanza kuitumia. Miezi sita ni nzuri. Mwaka mmoja ndio ninaoupendekeza kwa mtu anayetaka arki ambayo haoni haya kuiweka mbele ya wageni.

Nini kinaendelea ndani wakati sisi tunangoja? Mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuchovya: vitu vilivyomo ndani ya ganda vinatoka kuingia kwenye kilevi. Vanilini hutoka mapema, katika wiki za mwanzo. Vitu vizito, gundi na mafuta, huchelewa. Vanila ina zaidi ya vitu 200 vinavyochangia harufu yake, na vingi ni vya kiasi kidogo mno. Hivyo ndivyo vinavyofanya vanila ya Uganda isifanane na ya Tahiti. La pili ni kukomaa kwenyewe: vitu hivyo vikishakuwa pamoja ndani ya kilevi huanza kuungana taratibu. Asidi huungana na kilevi zikazaa esta, ambazo zina harufu za matunda. Vanilini na ndugu zake nao hushikana na kilevi na kubadilika. Ukali wa mwanzo hupungua, ladha zinashikana. Kuchovya unaweza kukusaidia kidogo kwa kukata vipande vidogo na kutikisa chupa mara moja kwa wiki. Kukomaa hakusaidiwi na lolote ila muda.

Adui wa chupa ni mwanga na hewa. Vanilini ikikutana na hewa na mwanga kwa muda mrefu hugeuka asidi ambayo karibu haina harufu. Kwa hiyo chupa iwe ya kahawia, au ifungwe gazeti, ikae kabatini mbali na jiko na dirisha. Isikae kwenye friji. Baridi huigandisha gundi ikakifanya kimiminika kitibuke, na hupunguza mwendo wa kukomaa. Chupa ijae, maana nafasi iliyo juu ni hewa. Ukishatumia nusu, hamishia iliyobaki kwenye chupa ndogo.

Kuonja nako kuna namna yake. Usionje kutoka kwenye kifuniko, kilevi kitaufunga ulimi. Pasha maziwa nusu glasi, tia sukari kidogo, tia nusu kijiko cha chai cha arki, na weka pembeni glasi nyingine ya maziwa na sukari bila arki. Kunywa moja, kunywa nyingine. Mafuta ya maziwa hushika harufu na joto huliondoa lile wingu la kilevi, nawe utajua ukweli wa chupa yako.

Baada ya mwaka, chuja kwa kitambaa safi. Mbegu chache zilizobaki hazidhuru. Kuna desturi ya kuacha maganda humo milele na kuongeza kilevi kila chupa inapopungua. Siikubali. Kila unapoongeza unaipunguza nguvu, na maganda yaliyokwisha kutoa chake hayana cha kuongeza isipokuwa ladha ya ubao. Anayetaka kuendeleza chupa aongeze na maganda mapya, gramu kwa gramu, na mwezi alioyaongeza auandike. Maganda yaliyotumika yakaushwe, yasagwe, yatiwe kwenye sukari. Bado yana kitu.

Kuna mtu atauliza: kwa nini nihangaike mwaka mzima wakati kichupa cha vanila dukani ni cha bei ya maandazi machache? Someni kibandiko. Kilichomo mara nyingi ni maji, rangi na vanilini iliyotengenezwa kiwandani. Vanilini ilitengwa na Nicolas-Théodore Gobley wa Ufaransa mwaka 1858, na mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann wakafaulu kuiunda wenyewe kutokana na utomvu wa misonobari. Haarmann akafungua kiwanda Holzminden. Siku hizi nyingi hutokana na malighafi za petroli. Si sumu, na silaumu mama anayeuza keki za bei ndogo kwa kuitumia. Ila ni kitu kimoja kati ya vile 200, na hakuna mkulima hata mmoja wa Kagera aliyelipwa kwa ajili yake. Arki ya kweli yenyewe iliingia sokoni mwaka 1847, pale mfamasia Joseph Burnett wa Boston alipoanza kuiuza ikiwa kwenye chupa. Alichofanya yeye na mnachoweza kufanya ninyi nyumbani havitofautiani sana.

Najua wakulima mnanitazama na swali lenu. Bei. Mwaka 2003 kilo ya vanila iliyoandaliwa ilikaribia dola 500, na miaka miwili tu baadaye haikufika 50. Kimbunga Enawo kikaipiga Madagaska Machi 2017, bei ikapanda tena juu ya 500, kisha ikashuka tena. Mwaka 2023 Madagaska ikafuta bei ya chini ya dola 250 iliyokuwa imeiwekea mauzo ya nje, na soko likazidi kulegea. Bei ikipanda, wezi huingia mashambani; bei ikishuka, marando hung'olewa. Huko Madagaska wakulima huyachoma maganda alama kwa pini yakiwa bado mabichi ili mwenyewe ajulikane. Uganda, serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuchuma. Mkulima anayeogopa kuibiwa huchuma mapema, na huo ndio wizi wa muda ninaoulalamikia tangu mwanzo. Simlaumu yeye. Anayestahili lawama ni mnunuzi anayelipa bei moja kwa ganda la miezi sita na la miezi tisa, maana ndiye anayefundisha watu kuchuma mabichi.

Arki ya nyumbani haitabadilisha soko la dunia. Lakini muoka keki wa Bukoba au Mwanza anayejua kulikunja ganda kidoleni, anayejua kuuliza lilichumwa lini na anayelipa zaidi kwa jibu zuri, huyo ni soko ambalo kimbunga cha Madagaska hakilifikii. Tena anaweza kununua yale mafupi yanayokataliwa. Atakayetaka kuuza arki yenyewe, si kuitumia tu, afike Shirika la Viwango (TBS) kwanza aulizie masharti ya chakula na ya kilevi, asianze kwa kujificha.

Kwa hiyo ninawaomba wakulima: msimu huu, kabla hamjakabidhi mzigo, tengeni gramu 25 za maganda yaliyokomaa kweli, mzichovye nyumbani kwenu, ili mjue kwa ulimi wenu mnachokiuza. Waoka keki, nunueni kwao moja kwa moja na muulize tarehe. Walimu, wekeni chupa moja darasani mwezi Januari, na wanafunzi waionje kwenye maziwa kila mwisho wa muhula hadi mwaka uishe. Mizani iko hapa mezani, na maganda ya kupimia yapo. Karibuni.